Nikope Gari, au Nimalizie Vyumba Viwili Ihumwa?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma. Tumepanga Nkuhungu, kodi shilingi 200,000 kwa mwezi. Mume wangu ana duka la vifaa vya umeme Majengo. Tuna watoto wawili, mmoja darasa la tano na mwingine darasa la kwanza, wanasoma hukuhuku Nkuhungu kwa miguu. Natoka nyumbani saa 11:15 alfajiri, nabadilisha gari mjini, nafika kazini saa 1:15. Nikichelewa naongeza bodaboda. Nauli zinanila kama 150,000 kwa mwezi. Jioni nikifika mtoto mdogo keshalala. SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, iko tayari kunikopesha milioni 12 kwa miaka mitatu, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mume wangu anasema tununue gari dogo, Toyota IST: Dodoma ni mji wa magari, ulipangwa hivyo tangu mwanzo, asiye na gari atateseka, na barabara zikishapanuliwa foleni itakwisha. Tena tutaweza kwenda Kondoa kusalimia wazee. Mimi moyo unanituma nimalizie vyumba viwili kwenye kiwanja chetu cha Ihumwa, kuta zimesimama tangu mwaka juzi. Yeye anasema Ihumwa ni porini na duka litakuwa mbali. Tumebishana hadi tumechoka."*

Marahaba dada yangu. Nitakujibu nikimfikiria na shemeji pia, maana hoja zake nazisikia Dodoma nzima na baadhi zina ukweli ndani yake. Kilichonigusa zaidi katika maelezo yako ni yule mtoto anayelala kabla hujafika. Unatumia saa mbili kwenda, na nadhani kurudi si pungufu ya hapo. Saa nne kila siku ya kazi. Mnabishana kuhusu gari na nyumba, lakini kinachowasumbua nyote wawili ni umbali kati ya Nkuhungu na Mtumba. Nkuhungu iko magharibi ya mji, Mtumba iko mashariki, karibu kilomita 17 kutoka katikati, kwa hiyo kila asubuhi unavuka mji mzima, na safari yako inakaribia kilomita 22. Gari ni njia mojawapo ya kuulipia umbali huo kila mwezi. Kuhama ni njia ya kuufupisha. Hebu tuzitazame zote mbili kwa haki.

Naanza na hilo la kwamba Dodoma ilipangwa kwa ajili ya magari, kwa sababu lina uzito katika ubishi wenu na halina ukweli. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na mpango mkuu wa kwanza wa mji ulikamilika mwaka 1976, ukiandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Mpango ule ulitanguliza mtembea kwa miguu na basi. Watu walitarajiwa kuishi katika makazi yenye shule, soko na zahanati ndani ya mwendo wa miguu, na makazi hayo yaunganishwe kwa njia za mabasi. Gari binafsi liliwekwa nyuma kwa makusudi, maana nchi ilikuwa ikijenga makao makuu kwa ajili ya wananchi ambao wengi wao hawakuwa na gari wala hawakutarajia kulipata. Miaka 16 kabla ya hapo, Brazil ilikuwa imezindua Brasília, makao makuu yenye barabara pana na masafa marefu yanayomtaka mtu awe na gari. Waliopanga Dodoma walichagua njia nyingine. Mimi mpango ule naupenda hadi leo, na huniuma kuona watu wa mji huu wakisimuliwa kinyume chake.

Tumefikaje basi hapa tulipo? Fedha za kuutekeleza mpango hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na serikali yenyewe ilikaa Dar es Salaam kwa miongo mingi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliendelea kupima na kugawa viwanja hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikaenda kwenye Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. Agizo la kuhamia lilipotolewa mwaka 2016, watu walikuja kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu hao walihitaji viwanja, na viwanja vilipatikana pembeni: Nala, Mkonze, Iyumbu, Miyuji, Ihumwa. Nyumba zetu karibu zote ni za chini, kila moja na uwanja wake na ukuta wake. Mji wa namna hiyo unatanuka kama uji uliomwagika kwenye sinia. Halafu ofisi za wizara, ambazo ndizo zinavuta watu wengi asubuhi, zikajengwa Mtumba, mbali na makazi yaliyokuwepo. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba mtumishi wa Nkuhungu ateseke. Maamuzi mengi madogo, kila moja likiwa na sababu yake, yameurefusha mji.

Sasa nikueleze kwa nini daladala inakuchukulia saa mbili kwa kilomita 22, maana ukielewa hili utaona pia kwa nini Ihumwa inabadilisha hesabu. Dereva wa daladala hapokei mshahara kwa saa. Ana hesabu ya bosi anayotakiwa kuipeleka jioni, ana mafuta ya kuweka, na kinachobaki ndicho chake na kondakta. Kwa hiyo kila siti tupu ni hasara yake mwenyewe, na ndiyo maana hasogei hadi gari lijae. Asubuhi watu wote wanataka kwenda upande mmoja, mashariki. Akishawashusha Mtumba anarudi mjini na watu wawili watatu. Safari moja inalipa, ya pili haimlipi, basi ataweka gari kwenye njia yako kwa saa chache tu, kisha atatafuta ruti yenye abiria pande zote, au atakatisha ruti yako katikati. Wewe unabaki kusubiri mara mbili: kituo cha Nkuhungu na tena mjini unapobadilisha. Sehemu kubwa ya saa zako mbili umesimama, gari halitembei kabisa. Na kwa kuwa hujui leo utasubiri kiasi gani, unalazimika kutoka mapema kila siku ili kujilinda na ile siku mbaya. Ndiyo maana saa 11:15 alfajiri uko barabarani wakati kazi inaanza saa 1:30.

Hapa shemeji ana hoja, na tusimnyime. Gari litakuondolea kusubiri kote. Kutoka Nkuhungu hadi Mtumba ukiwa unaendesha mwenyewe, hata na foleni ya katikati ya mji, ni dakika 40 hadi 50 hivi. Ungepata zaidi ya saa moja kila upande, na mtoto ungemkuta macho. Nisingependa mtu akuambie kwamba hilo ni jambo dogo.

Tuhesabu basi kwa utulivu. Milioni 12 kwa riba uliyoitaja ni marejesho ya karibu 399,000 kila mwezi kwa miezi 36, na mwisho utakuwa umelipa kama milioni 14.4. Kwenda na kurudi ni kilomita 44. Ongeza mizunguko midogo ya shule na soko iwe 48. Kwa siku 22 za kazi ni takriban kilomita 1,050 kwa mwezi. IST ya injini ya 1300 katika msongamano wetu itakupa kilomita 12 kwa lita, ukibahatika 14. Nikichukua 12, ni lita 88. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi nayo hupanda na kushuka, lakini kwa urahisi wa hesabu tuseme lita ni 3,000: unafika 264,000. Leseni ya barabara ya kila mwaka haipo tena, ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta mwaka 2017, kwa hiyo hapo umekwishalipa. Zinabaki oili na filta kila kilomita 5,000, yaani kila baada ya miezi mitano kwa mwendo wako, matairi, breki, bushi za miguu ya mbele ambazo barabara za vumbi za Nkuhungu hazitazionea huruma, bima, na kuosha. Tenga 100,000 kwa mwezi, na nakuhakikishia gari lililotumika huko Japani miaka 15 litaifikia. Jumla ni 763,000. Ukitoa 150,000 za nauli ulizoziacha, gari linakuongezea mzigo wa kama 613,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Baada ya hapo marejesho yanakwisha, lakini mafuta na fundi wanaendelea, na gari lenyewe limechakaa.

Huko Ihumwa marejesho ni yaleyale 399,000. Unaacha kodi ya 200,000. Nauli yako inashuka, kwa sababu Ihumwa na Mtumba ni jirani katika barabara ileile. Hata ukipanda bajaji ya kuchangia kila siku, sioni ikivuka 60,000 kwa mwezi. Nauli ya mume wako inapanda, na hilo tuliweke wazi: kutoka Ihumwa hadi Majengo ni mbali kuliko kutoka Nkuhungu. Mpe 60,000 za ziada. Ukijumlisha na kutoa, mzigo mpya ni karibu 170,000 kwa mwezi, na mkopo ukiisha unabaki na nyumba isiyo na kodi. Tofauti ya njia hizi mbili ni zaidi ya shilingi 440,000 kila mwezi. Kwa mshahara wa mtumishi wa kawaida hiyo ni ada, ni bima ya afya ya wazee, ni mtaji wa duka kuongezeka.

Kuna jambo kuhusu gari ambalo familia nyingi hulikuta wakiwa wameshanunua. Gari moja lina ratiba ya mtu mmoja. Wewe unatoka kazini saa 9:30 alasiri, duka la vifaa vya umeme Majengo halifungwi hadi jioni, na wateja wake wazuri ni mafundi wanaopita baada ya kazi. Utamsubiri? Mtoto atalala hivyohivyo. Utatangulia nyumbani? Basi yeye anarudi kwa daladala kama zamani. Asubuhi mtaenda pamoja, sawa, lakini duka litafunguliwa saa 12 na nusu bila mteja. Kaeni na karatasi, muandike siku moja ya Jumatano kuanzia kuamka hadi kulala, kila mtu yuko wapi saa ngapi, na gari liko wapi. Msifikirie Jumapili ya kwenda Kondoa. Andikeni Jumatano.

Na hilo la Kondoa. Watu wengi hununua gari kwa ajili ya siku chache za mwaka: mtoto kuugua usiku, msiba, kupeleka mahari, kusalimia wazee. Siku hizo ni za kweli na zinauma ukiwa huna usafiri. Lakini leo zinaweza kununuliwa moja moja. Simu imebadilisha mengi hapa. Bajaji au taksi unaiita kwa programu ya simu au kwa namba ya dereva uliyemzoea, inafika mlangoni. Bili za maji, LUKU, ada kwa kontroli namba, vyote vilikuwa safari za mjini, sasa unavimaliza ukiwa umekaa. Kondoa ina lami na mabasi. Dar es Salaam tangu katikati ya 2024 unakwenda kwa treni ya SGR na kufika bila kumbebesha mtu usukani usiku. Tengeni 50,000 kila mwezi katika akaunti ya simu, muiite ya dharura, msiiguse kwa kitu kingine. Usiku mtoto akishikwa na homa, mtampigia dereva wa jirani bila kuwaza pesa. Bado mtakuwa chini sana ya gharama ya gari.

Hoja ya barabara kupanuliwa nayo nimeahidi kuitazama kwa haki. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, ina faida kubwa kwa Dodoma, na faida hiyo ni kuyaondoa malori ya mizigo yanayopita kwenda Rwanda, Burundi na Kongo bila kuingia mjini. Hiyo ni nafuu kwa usalama na kwa hewa. Lakini foleni ya asubuhi ya watu wanaokwenda Mtumba ni jambo lingine. Watu 30 katika Coaster moja wanachukua barabarani nafasi isiyozidi ya magari madogo mawili. Watu haohao 30, kila mmoja katika IST yake, wakijipanga pua kwa mkia wanafikia mita 115. Barabara ikipanuliwa safari inakuwa nyepesi kwa muda, na wepesi huo unamshawishi aliyekuwa anapanda daladala anunue gari, na aliyekuwa anasita kujenga mbali aende mbali zaidi. Miaka michache baadaye nafasi imejaa. Imetokea katika miji mingi duniani na sioni kwa nini Dodoma iwe tofauti. Wakati huohuo daladala imepoteza abiria wenye uwezo, inasubiri zaidi ili ijae, na anayebaki nayo anateseka zaidi. Ukinunua gari hutakuwa umefanya dhambi, ila usiweke dakika 40 za leo katika hesabu za mwaka 2030.

Sasa nigeuke upande wa Ihumwa, maana sitaki ukaamua kwa sababu nimelisema gari vibaya.

Anayesema ni porini hajakosea sana. Swali la kwanza ni maji. Nenda ofisi ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, uulize bomba liko wapi ukilinganisha na kiwanja chako, kisha, na hili ni muhimu zaidi, waulize majirani wa pale maji hutoka siku gani. Ofisi itakuambia bomba lipo. Jirani atakuambia kama lina maji Oktoba. Kama ni kununua kwa boza, bei ya boza iingie katika hesabu niliyokupa juu, na tangi la kuhifadhia liingie katika gharama za ujenzi. Umeme vivyo hivyo: nguzo ya mwisho iko umbali gani? Usiku mtaa una taa, una watu? Unaporudi saa 1 jioni mwezi Juni, kutoka lami hadi mlangoni unapita wapi?

La pili ni hiyo lami yenyewe. Ihumwa imekatwa na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, yenye mabasi na malori. Ndani ya makazi mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hata kwa mwendo huo halali gari linakula mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukadiria hilo. Macho na akili yake bado havijakomaa kupima kasi ya kitu kinachomjia moja kwa moja. Wanapima umbali, wanaona lori liko mbali, wanakimbia. Kwa hiyo mkihama, tafuteni shule iliyo upande uleule wa barabara mnakoishi, hata kama ile ya ng'ambo inasifiwa zaidi. Kwa hili nakuomba usilegee. Kama hakuna, awepo mtu mzima wa kuwavusha kila siku, asubuhi na mchana, kwa jina, ajulikane ni nani. Nkuhungu wanatembea salama kwenda shule, na hicho ni kitu chenye thamani mnachokiacha. Kihesabuni. Mkubwa akiwa darasa la tano, pengine ni busara kuhama mwaka wa masomo unapoanza Januari kuliko kumkatiza katikati ya muhula.

La tatu, usafiri wa asubuhi kutoka Ihumwa. Daladala zinazotoka mjini kwenda Mtumba zinaweza kukupita zikiwa zimejaa, maana wewe uko katikati ya njia. Ndiyo sababu nimekuwekea bajaji katika hesabu. Jioni hali ni njema kwako, unapandia mwanzo wa ruti ukiwa na siti. Na mume wako ndiye atakayefaidi kitu asichokitegemea: yeye asubuhi atakwenda mjini wakati umati unakuja upande wa pili. Yale magari yanayorudi matupu niliyokueleza ndiyo yatakayomchukua. Kilomita zitakuwa nyingi kuliko za Nkuhungu lakini kusubiri kutakuwa kidogo. Ugumu wake ni usiku akifunga duka, na hapo inabidi aulize mwenyewe gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Baiskeli sikuitaja kwa Nkuhungu kwa sababu kilomita 22 dhidi ya upepo wa mashariki wa Julai ni adhabu. Kutoka Ihumwa inawezekana, watu wa Dodoma ni waendesha baiskeli hodari, ilimradi ipatikane njia ya ndani ya mtaa na usikae ukingoni mwa barabara kuu. Pikipiki binafsi kwa barabara hiyo siipendi kwa familia yenye watoto, nakwambia waziwazi. Ukilazimika, kofia mbili nzuri na kamwe asipakiwe mtoto kati ya watu wazima.

Wengi huniambia pia kwamba jua la Dodoma halimruhusu mtu kutembea. Jua ni kali, ndiyo, tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na kwa miezi saba hakuna mvua. Lakini hewa yetu ni kavu. Dar es Salaam ukikaa kivulini bado unalowa jasho. Dodoma ukiingia chini ya mwarobaini unapata nafuu papo hapo, kwa sababu jasho linakauka na ngozi inapoa. Kinachomchosha mtembea kwa miguu hapa ni kukosa kivuli, na kivuli kinapandwa. Ukihamia, panda miti miwili nje ya ukuta wako, upande wa barabara, uimwagilie kwa maji ya kufulia, na ulete jambo hilo kwenye mkutano wa mtaa ili na wenzako wafanye hivyo. Mwarobaini mwaka wa nne unakuwa na kivuli cha kumfunika mtoto anayerudi shule. Na barabara ya mtaa ikiwa na korongo au haina pa kupita kwa miguu, andikeni kama mtaa, kupitia mwenyekiti, kwenda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara za taifa. Barua ikipelekwa kusikohusika hulala.

Kuna njia za katikati ambazo hukuzitaja. Uliza ofisini kama kuna basi la watumishi linalopita upande wenu, na kama halipo, ni wangapi mnaotoka magharibi ya mji. Mkiwa kumi na wawili mnaweza kukubaliana na mwenye Hiace mmoja awachukue kwa malipo ya mwezi. Yeye anakuwa na uhakika wa abiria, kwa hiyo hana haja ya kusubiri kujaza, na ninyi mnajua gari linafika saa ngapi. Kazi hiyo inaweza kukurudishia dakika 40 au 50 kila upande kuanzia mwezi ujao, bila mkopo wowote, huku mkiendelea kuamua. Au yupo mwenzako mwenye gari anayepita Nkuhungu peke yake na siti nne tupu, mchangie mafuta.

Ungekuwa mdogo wangu, ningekuambia umalizie Ihumwa, na gari lisubiri. Lakini kuna hali ambazo ningegeuka. Kama mmoja wenu au mtoto ana tatizo la afya linalomzuia kusimama muda mrefu au linalohitaji hospitali mara kwa mara. Kama kazi yako inaweza kuhamishiwa mkoa mwingine mwaka kesho. Kama maji Ihumwa hayapo kabisa. Kama duka ndilo linalowalisha zaidi ya mshahara wako, na kuwa mbali nalo kutalidhoofisha. Katika hali hizo gari, au kupanga sehemu ya katikati kama Nzuguni au Kisasa, kunaweza kuwa na maana zaidi.

Vyovyote mtakavyoamua, kuna watu wa kuwaona ana kwa ana, maana mimi sijaona hati yako ya mshahara wala kuta zako. Nenda kwa afisa mikopo wa SACCOS na salary slip ya mwezi huu, mhakikishe baada ya makato yote inabaki theluthi moja ya mshahara kama utaratibu wa watumishi unavyotaka, na akuandikie ratiba nzima ya marejesho. Kwa nyumba, mpeleke fundi mwenye uzoefu, asiwe yule atakayepewa kazi, aangalie kuta zilizonyeshewa misimu miwili bila paa: kama lenta imepasuka, kama matofali ya chini yanamomonyoka. Mwombe orodha ya vifaa yenye bei, pamoja na choo, shimo, milango, waya na tangi. Milioni 12 inaweza isitoshe, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuanza kuliko bati zikiwa juu na pesa imekwisha. Pitia pia ofisi ya ardhi ya Jiji kuona kibali chako cha ujenzi bado kina nguvu. Kwa gari, fundi wako akague kabla hujalipa hata shilingi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uangalie kama lina deni la faini za barabarani.

Mvua zetu huanza Desemba. Kama ni kuezeka, fundi akubaliane nanyi mapema, kwa sababu Oktoba na Novemba mafundi wote wa Dodoma wako juu ya mapaa ya watu na bei inapanda. Na kabla ya kusaini chochote, ombeni hifadhi ya siku mbili tatu kwa jirani au ndugu aliye Ihumwa, katikati ya wiki, nyote wanne. Wewe uende kazini ukitokea huko, shemeji aende dukani na arudi usiku baada ya kufunga, watoto waone njia ya shule. Mkirudi Nkuhungu mtakuwa na jambo la kuzungumza ambalo kila mmoja ameliona kwa macho yake, na nadhani mabishano yatapungua kuliko sasa.